Kitenge Nilichomfunika Babu Yako

Namsifu mwanangu,

Wewe na baba yako mmeshuka Same kununua godoro na ndoo, nami nimebaki na nyumba peke yangu. Nimeosha vyombo, nimefagia uwanja mara mbili, nimeinjika makande ingawa najua mtarudi mmeshiba chipsi. Kazi zimeniishia. Basi nimekaa hapa mezani na daftari la hesabu la mdogo wako, nimechana karatasi za katikati, na jioni atakuja kununa.

Utauliza kwa nini sikukutumia meseji. Meseji utaisoma umesimama, unacheka na wenzako, halafu utanijibu kwa kidole gumba. Hii nataka uisome umekaa.

Sitakuambia ufunge sanduku, wala uchemshe maji, wala ujihadhari na watu wa stendi. Hayo baba yako ameshakuambia mara nne, na kesho alfajiri atakuambia mara ya tano kabla basi halijaondoka. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo tangu ulipokuwa mtoto wa mgongoni.

Unakumbuka Jumapili ile mchungaji alipotangaza kwamba umepata nafasi ya kusomea uuguzi? Alikuita mbele, akakuuliza kwa nini umechagua kazi hiyo, nawe ukasema kwa sauti ile yako ya kengele: "Kwa sababu babu yangu alipata sumu ya dawa ya nyanya, na mama yangu akamwokoa." Kanisa zima liligeuka kunitazama. Mimi niliangalia sakafu. Ulipokuja kukaa ulininong'oneza, "Mama, umeona haya?" Nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Nilikuwa najua kwamba binti yangu anaondoka nyumbani na hadithi ambayo nusu yake imefichwa, na aliyeificha ni mimi.

Sasa nakupa nusu hiyo.

Ulikuwa na miezi saba. Baba yako alikuwa ameshuka gulioni. Babu yako alibaki kupulizia dawa nyanya za shamba la chini, lile lenye matuta ya mawe. Bomba lake la kubeba mgongoni lilikuwa limezeeka, kifuniko kimepasuka, naye alikuwa amekizungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Asubuhi alipolinyanyua nililiona linavuja. Niliona tone, nikaona jingine. Lakini nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika nyumba ile, na nilijiuliza mimi ni nani hata nimwambie baba mkwe kwamba bomba lake bovu. Nikasema, "Kazi njema, baba." Akasema, "Haya, mama." Akashuka zake.

Kabla sijaolewa, mama yangu alinikalisha chini kunifundisha jinsi ya kuishi na mkwe. Usikalie kiti chake. Usipite nyuma ya bafu akiwa anaoga. Ukimkuta hana shati, geuka urudi ulikotoka. Nililishika somo hilo barabara, kuliko masomo yote niliyofundishwa shuleni, na wala silichukii. Heshima hiyo ndiyo iliyofanya niishi vizuri katika ile nyumba. Nakuambia tu ili uelewe nilichokifanya baadaye, maana ukiwaza kama msichana wa leo utaniona mwendawazimu.

Ilipofika saa nne nilimpelekea uji. Nilimkuta ameketi katikati ya mistari ya nyanya, nikamwamkia, hakuitikia. Nilipokaribia akaanguka ubavu. Mate yalikuwa yanamtiririka, machozi yanatoka, jasho limemlowesha, na nyama za mashavu zinachezacheza zenyewe. Shati limelowa chapachapa tangu shingoni hadi kiunoni, limemgandia mgongoni, na linanuka dawa hadi mimi nikakohoa.

Mtu yeyote mwenye akili angemvua lile shati. Mimi nilikushusha nikakulaza kwenye majani, nikafungua kitenge nilichokubebea, nikamfunika nacho. Nikakichomeka vizuri huku na huku, maana alikuwa anatetemeka, na maana watu wangekuja na sikutaka wamkute mzee wa watu ametapakaa vile. Nilimfunga ndani ya sumu, Namsifu. Kwa mikono yangu hii, tena kwa upole.

Halafu nikakimbilia nyumbani, nikarudi na maziwa. Tangu utoto nilisikia kwamba maziwa hukata sumu. Nikamwinua kichwa nikamnywesha, yakampalia, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Hapo ndipo nilipopiga yowe. Hilo ndilo jambo la maana nililofanya siku ile, kupiga yowe, na hilo ndilo babu yako analolisimulia kila Krismasi.

Wanaume walikuja na machela ya miti na blanketi. Wakamlaza, wakamfunika lile blanketi, mimi nikachukua kitenge changu. Kilikuwa kimelowa. Nikakikamua, nikakutupia mgongoni, nikakufunga nacho kwa kifundo cha nguvu, tukaanza kupanda kwenda zahanati.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikaenda kuangalia makande. Yanaendelea vizuri.

Njiani ulilia kidogo, halafu ukanyamaza. Mimi nikasema moyoni, asante Mungu, angalau mtoto ametulia. Nilitembea karibu nusu saa nikimshukuru Mungu kwa ukimya wako.

Zahanati wakati ule alikuwepo Nesi Nakijwa. Mfupi, mwembamba, ametoka chuoni juzijuzi. Sisi akina mama tulikuwa tunamcheka kwamba kwa mikono ile midogo hawezi kumzalisha hata mbuzi. Tulipofika, habari zilikuwa zimetutangulia, naye alikuwa ameshavaa glavu na aproni ya plastiki, amesimama mlangoni ametanua hiyo mikono yake midogo.

"Msimwingize ndani! Mlazeni pale nje, chini ya mti wa mgrevilea."

"Nesi, mtu anakufa!" mmoja wa wabebaji akafoka.

"Ndiyo maana nasema msimwingize. Hiyo dawa bado iko mwilini kwake, inaingia kupitia ngozi. Mkimleta ndani na hizo nguo, anaendelea kuinywa, na sisi wote tunaivuta. Mlazeni hapo. Nani ana chupa ya hiyo dawa?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Akamtuma kijana wa mbio akailete, na akamwonya aishike na mfuko wa nailoni. Kisha akachukua mkasi, akatupa blanketi pembeni, akaanza kukata shati. Mimi nikapiga kelele.

"Nesi! Huyo ni mkwe wangu!"

Hakuinua hata kichwa. "Kwako ni mkwe. Kwangu ni mgonjwa. Wewe geuka huko ukitaka, lakini leteni maji. Maji mengi!"

Na maji hayakuwepo. Tangi la zahanati lilikuwa tupu. Mfereji unaopita pale chini ulikuwa mkavu kwa sababu ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa imefungwa inajaa, na unajua ndiva yetu haifunguliwi ovyo. Kila mtu ana zamu yake ya maji, na siku ile zamu ya mchana ilikuwa ya Mama Joeli. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Kuyafungua maji yale saa ile ilikuwa ni kumnyima yeye, hadi zamu nyingine imzungukie. Wanaume wakaanza kutazamana. Mama Joeli mwenyewe alikuwa amesimama pale na jembe begani. Akasema, "Mnanitazama nini? Fungueni! Maharage si mtu."

Ule msimu hakuvuna hata debe la maana, na sijawahi kumsikia akilitaja. Sasa unajua kwa nini kila nikipika kitu kizuri nakutuma kwake na bakuli, nawe unanung'unika kwamba mlima ni mkali.

Maji yakaja na mfereji, tukayachota kwa ndoo. Mtu akasema si tumwingize mzee mferejini moja kwa moja, ni rahisi zaidi. Nesi akakataa katakata. "Huko chini watu wanakunywa na mifugo inakunywa." Akawaambia wachimbe shimo pembeni, maji ya kumwoshea yaishie humo. Alikuwa anafikiria watu ambao hata hawakuwepo, huku mgonjwa anamkoromea mikononi. Nikiwa nashukuru usiku kabla ya kulala, hilo nalikumbuka.

Nilipewa kazi ya kumwaga. Nikamwaga, mwanangu, nimegeuka kisogo! Nachota, narudi kinyumenyume, namwaga nikiangalia mlima. Baada ya ndoo ya pili nesi akasema, "Mama, unaosha viatu vyangu. Geuka."

Nikageuka. Nikamwona baba mkwe wangu, mzee mwembamba mwenye mgongo uliowiva, amelala kwenye majani kama alivyozaliwa. Na dunia haikupasuka. Nilimwaga maji, nesi akasugua kwa sabuni, kichwani, kwapani, chini ya kucha, nyuma ya masikio, taratibu na kwa haraka kwa wakati mmoja. Mpaka leo sijui aliwezaje.

Kisha akamchoma sindano. Akasikiliza kifua, akasubiri, akachoma tena. Akatuambia mapafu yamejaa majimaji, ile dawa ni ya kuyakausha, ataendelea kuchoma mpaka kifua kikauke. Alikuwa anachukua chupa nyingine ndogo ya dawa aliponitazama. Hakunitazama mimi, alitazama begani kwangu.

"Mtoto amelala tangu lini?"

"Tangu njiani. Ametulia tu."

Akanijia. Akakufunua kope. Akakuangalia mdomo, mate yalikuwa yamenilowesha mgongo na mimi nilidhani ni jasho langu. Baadaye alinieleza kwamba mboni za macho yako zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, sawasawa na za babu yako.

"Hiki kitenge kimetoka wapi?"

Nilinyoosha kidole tu kumwonyesha yule mzee chini.

Niliusubiri msonyo. Nilisubiri aseme wewe mama ni mjinga kiasi gani. Haki ya Mungu, kama angeyasema hayo sidhani kama ningeweza kuinua ndoo nyingine siku ile. Kifundo kilikuwa kimekaza, akakikata kwa mkasi, akakupokea, akakuweka kwenye beseni, akaanza kukuosha kama anavyoosha mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Ulikuwa umelegea, shingo haisimami. Huku anakuosha akaniambia bila kugeuka, "Na wewe mama, vua. Vyote. Osha mikono hadi mabegani, na kifua, maana atataka kunyonya."

Atataka kunyonya. Alisema atataka. Nililishika neno lile kwa roho yangu yote. Nikavua pale nje mbele ya kijiji, mimi niliyeogopa kumvua mzee shati, na wanaume wote wakageuka ukutani kama watoto walioadhibiwa. Mama Joeli akanizungushia kanga yake.

Nesi akakupimia dawa kidogo, kidogo mno, akakuchoma pajani. Hukulia. Akarudi kwa babu yako, akarudi kwako, hivyo hivyo, hadi gari lilipopanda kutoka Same kutuchukua. Alipanda nalo. Alikaa sakafuni kati yenu wawili, mkono mmoja kwenye kifua cha babu yako na mwingine umeshika unyayo wako. Kwenye kona za kushuka mlima nilianza kulia, nikamwambia, "Nesi, ni mimi. Nimewaua wote wawili."

Akasema, "Hawajafa." Tukapita kona nyingine. Akasema tena, "Angekuwa mkwe wangu, na sijasoma, hata mimi ningemfunika."

Kesho yake alfajiri, hospitali, uliamka ukapiga kelele ya njaa iliyowaamsha wagonjwa wa wodi nzima. Watu walikasirika. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, natafuta titi halionekani. Ndiyo maana sijawahi kukukemea kwa sauti yako kubwa, hata walimu walipolalamika. Babu yako yeye alikaa zaidi, siku nyingine ikawa nzuri, nyingine mbaya, mpaka akarudi nyumbani anatembea na fimbo.

Nikapanga kwenda kumshukuru Nesi Nakijwa. Nikasema nitaenda Jumatatu, nikaona aibu. Nikasema nitaenda nikivuna tangawizi, nimpelekee na tangawizi. Nilikuwa naogopa kumtazama, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba sumu yako ilitoka kwenye kitenge; wengine walidhani dawa ilikurukia shambani. Nilipojikaza nikaenda na kikapu, nikakuta nesi mwingine. Mwenzake alikuwa amehamishwa, mbali, upande wa ziwani. Nilisimama pale mlangoni na tangawizi zangu. Katika makosa yangu yote, hilo ndilo ambalo bado linaniuma, mwanangu. Makosa ya siku ile niliyafanya kwa kutojua. Hili nililifanya nikijua kabisa kwamba nina asante ya mtu mdomoni.

Na babu yako? Aliporudi wazee walikuja kumwona, wakamuuliza ilikuwaje. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Akasema, "Huyu mkamwana ndiye aliyeniona, akaita watu. Bila yeye ningeoza kwenye nyanya." Ni kweli, wala si uongo. Basi hadithi ikaanzia hapo, ikakua, ikavaa viatu, mpaka ikafika kanisani siku ile. Mimi nikainyamazia, kwa sababu ilikuwa tamu.

Nimeweka kalamu chini. Siwezi kukuandikia mambo ya mzee wa watu bila ruhusa yake. Nakwenda kwake mara moja, makande yakiungua basi.

Nimerudi.

Nilimkuta anaota jua kwenye kiti chake. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikamwambia, "Baba, nataka kumwambia Namsifu ukweli kuhusu kile kitenge. Anakwenda kusomea kazi hii. Asije akaenda akidhani mama yake alifanya sawa."

Akaiegemeza fimbo yake gotini. Kisha akasema, "Mama Namsifu, unadhani siku ile mimi nilikuwa sijui kwamba nimelowa?"

Nikasema sijui, baba.

"Mgongo ulianza kuwaka mapema. Nikatua bomba. Nikafungua vifungo vyote vya shati, nataka nilivue nikajimwagie maji ya kwenye kopo. Ndipo nikakuona wewe unashuka na uji, na mtoto mgongoni." Akaonyesha kwa vidole vyake vile vilivyopinda, kwenye kifua chake. "Nikavifunga tena. Kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Mkwe wangu asinikute vile."

Miaka yote hiyo, Namsifu! Mimi nabeba siri yangu mlango huu, yeye anabeba yake mlango ule, tunapishana uwanjani kila asubuhi, shikamoo baba, marahaba mama. Nilianza kucheka, na yeye akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Halafu nikalia, na hakugeuka pembeni kama anavyogeukaga nikilia. Akasema, "Mwambie yote. Na langu mwambie."

Ndiyo nimekuambia.

Nasikia pikipiki zinapanda, huenda ni ninyi. Acha nimalizie.

Kwenye begi lako, chini kabisa ya mashuka, nimekuwekea kitenge cha bluu. Usimwonyeshe baba yako, atasema unabeba mizigo. Babu yako alininunulia alipoanza kutembea, akaniletea kwa mkono wake mwenyewe, akasema kile cha kwanza kilikatwa kwa ajili yake. Sijawahi kukivaa. Kila mwaka nakitoa, nakianika, nakikunja.

Ipo siku utaletewa mtu amelowa dawa, na ndugu zake watakuwa wamemfunika vizuri, wamemchomeka huku na huku kwa heshima zao zote. Usiwatukane. Ni mimi hao, ni babu yako. Kata nguo, mwaga maji, mtazame na aliyebeba mtoto mgongoni. Na ukishamwosha, akiwa safi na anapumua, ndipo umfunike na hiki.

Na ukikutana huko na nesi wa makamo, mfupi, mwenye mikono midogo, muulize kama aliwahi kufanya kazi huku kwetu Upare. Akikubali, mpigie kelele ile yako, asikie kwamba ulipona.

Mama yako